Sawa ya Kusikia

Mkutano wa kwanza uliisha vizuri mno, na hapo ndipo watu walipopaswa kushtuka. Walipeana mikono, wakacheka, wakanywa soda za msimamizi wa jengo, mtu ambaye kwa kawaida humtoi soda hata umtekenye. Washonaji walirudi chumbani kwao wakiimba. Mafundi saa walirudi kwao bila kuimba, maana mafundi saa hawaimbi, ila mmoja alionekana akitabasamu peke yake mlangoni. Na Bibi Zamu, aliyeuongoza mkutano huo, alikwenda nyumbani akijipongeza kimoyomoyo: kumbe kupatanisha watu si kazi ngumu kama wanavyojisifu wanaoifanya!

Jina la Bibi Zamu alipewa na wasikilizaji wake. Alikuwa mtangazaji wa redio, na kipindi chake cha mdahalo kilikuwa na kauli moja ambayo hata watoto waliiga: "Subiri zamu yako, ndugu msikilizaji, zamu yako itafika." Kama ilifika kweli au haikufika, hilo ni suala jingine. Yeye aliamini kwamba mazungumzo ni foleni, na asiyepanga foleni hana adabu. Hakuwa amewahi kujiuliza imani hiyo aliitoa wapi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chumba. Jengo la mafundi lilikuwa na ua katikati, na upande wa kivulini mwa ua huo palikuwa na vyumba vitatu vilivyopakana. Cha kushoto cha washonaji, cha kulia cha mafundi saa, na cha kati kitupu tangu mpiga picha alipohama. Washonaji walitaka ukuta wa upande wao uvunjwe ili waweke meza kubwa ya kukatia, kwa sababu vitambaa walikuwa wanavikatia sakafuni, wamepiga magoti, mpaka wakisimama unasikia viungo vinalia. Mafundi saa walitaka chumba kifungwe kabisa, asikitumie mtu. Walisema vumbi la vitambaa ndilo adui yao: unyuzi mmoja ambao hata huuoni ukipenya ndani ya saa, saa inasimama, na mteja anarudi ameshika kiuno.

Msimamizi alikuwa ametoa kauli yake waziwazi. Elewaneni mbele ya watu, nami nitawapa mtakavyoelewana. Mkishindwa, kuna muuza magodoro anakitaka kiwe bohari yake, na magodoro hayagombani.

Sasa, kilichompa Bibi Zamu presha ni kwamba hapo hapakuwa na mgeni. Kiongozi wa washonaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye kicheko cha kufungua milango. Mkubwa wa mafundi saa alikuwa kaka yake, wa tumbo moja, aliyerithi kiti na lenzi ya jicho kutoka kwa marehemu baba yao. Na kaka huyo alikuwa amemwambia kwamba vumbi likizidi, liwe la vitambaa au la magodoro, atafunga vifaa vyake amfuate mwanawe aliyehamia mji mwingine. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Kati ya watoto wa baba yao walikuwa wamebaki wao wawili tu, na Bibi Zamu hakuweza hata kuifikiria mitaa ile bila yeye.

Basi, asubuhi ya Jumatatu, siku chache baada ya soda na kupeana mikono, wifi alifika kwenye chumba cha kati akiwa na mvunja kuta mwenye nyundo begani. Akamkuta shemeji yake, kaka wa Bibi Zamu, amesimama mlangoni na kufuli jipya mkononi.

"Shemeji, hicho nini?" wifi akauliza.

Kaka mtu alilitazama kufuli. "Kufuli."

"Naona ni kufuli. La nini?"

"La chumba. Si mlikubali?"

"Tulikubali sisi? Nyinyi ndio mliokubali!"

Kaka mtu akafikiri. "Mlisema sawa," akasema. "Kila nilipofika kituo mliitikia, sawa, sawa, sawa. Chumba kifungwe, sawa. Asiingie mtu, sawa. Watu wote wa mtaa walisikia."

"Ile? Jamani!" Wifi alijipiga paja. "Ile ilikuwa sawa ya kusikia, shemeji! Mtu anaongea, umwache anaongea peke yake kama kapandwa na mashetani? Haya, na nyinyi je? Nilieleza ukuta unavyobomolewa, tofali moja moja, hakuna aliyefungua mdomo. Mtu akinyamaza si ameridhika?"

"Tulikuwa tunafikiri."

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa," kaka mtu akajibu, na wala hakuwa anatania.

Mvunja kuta aliketi juu ya nyundo yake, akasema wakishajuana nani kakubali nini, watamwamsha.

Ndiyo maana Bibi Zamu aliitwa tena. Mtu mwingine angejificha kwa aibu, maana mkutano alioufunga kwa maringo ulikuwa umezaa wakweli wawili wanaoitana waongo. Yeye aliona aibu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Baada ya hapo kitu kingine kikamwasha, udadisi ule uliomfanya awe mtangazaji. Watu wazima wawili, wenye akili timamu, wanaozungumza lugha moja, wamekaa ua mmoja wakasikilizana saa nzima, kisha kila mmoja akaondoka na jibu ambalo mwenzake hakulitoa. Ilikuwaje? Akamwomba msimamizi siku chache kabla ya mkutano mwingine, na msimamizi akakubali kwa shingo upande, akimwambia huo ndio utakuwa wa mwisho.

Alianzia kwa wifi. Alikaa kwenye kigoda kati ya cherehani, pasi inafuka, overloki ya kuzibia kingo za nguo inanguruma, na redio juu ya kabati inasema peke yake. Alitaka kuuliza swali moja tu. Akasubiri waliokuwa wakiongea wamalize. Hawakumaliza. Mmoja alisimulia mgonjwa wake, wa pili akaudakia ugonjwa huo akaupeleka kwa shangazi yake, wa tatu akamalizia kwa dawa, na yule wa kwanza hakununa hata kidogo. Alikuwa anaitikia "sawa, sawa" huku anavuta pindo. Kila Bibi Zamu alipovuta pumzi aanze, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

"Wifi, umetukasirikia?" wifi yake akauliza ghafla.

"Mimi? Kwa nini?"

"Umekaa tu. Tunaongea, husemi hata neno. Kimya chako kinatutia woga."

"Nasubiri zamu yangu."

Chumba kizima kilicheka mpaka mtu akajichoma sindano. "Zamu!" wifi akafuta machozi. "Humu ukisubiri zamu, utazeeka. Ingia tu!"

Wakati huo redioni kulikuwa na mgeni, mtu wa sauti nzito, akieleza jinsi alivyogundua dawa ya kuotesha nywele kwenye upara ndani ya wiki. Na washonaji, bila kuinua macho, walikuwa wanamwitikia. "Sawa." "Mmh, sawa." "Sawa kabisa."

Bibi Zamu aliingia tu. "Mnakubaliana na huyo?"

"Huyo?" akasema wa kwenye overloki. "Mwongo mkubwa huyo!"

"Sasa mbona mnamwambia sawa?"

"Ili aendelee," wifi akasema. "Tusikie mwisho wa uongo wake."

Bibi Zamu alikaa akiitazama redio ile. Miaka yote aliyokuwa anasema kwenye kipaza sauti, chumba hiki kilikuwa kinamjibu, na yeye hajui. Akawaza ni mara ngapi waliitikia sawa huku wanamwona mwongo, lakini hakuthubutu kuuliza.

Kwa kaka yake mambo yalikuwa mengine. Pale mtu huongea akimaliza kazi ya vidole, kwa sababu ukimsemesha mwenye skrubu kwenye kibano, akapumua vibaya, skrubu imekwenda na maji. Kaka yake alikuwa ameinama, lenzi jichoni, anarudisha springi ndani ya saa ya mkono ya kike.

"Kaka, ukinyamaza wakati mtu anaongea, unamaanisha nini?"

Hakujibu. Bibi Zamu alisubiri. Redioni ukimya mdogo tu ni msiba. Bosi anapiga simu, fundi mitambo anaweka muziki. Uvumilivu ukamwishia, akaanza kuziba. Akauliza habari za mtoto kule mji mwingine. Akaeleza mguu wa mama mkwe. Akalalamikia jua. Kaka yake akaendelea na springi, akaifunika saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Bibi Zamu akakata tamaa, akabeba mkoba wake, na alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake:

"Namaanisha sijamaliza kusikiliza."

Aligeuka. "Na anayekujibu papo hapo?"

Safari hii jibu halikuchelewa sana. "Huyo alikuwa na jibu lake kabla sijaongea. Sasa kuna haja gani ya mimi kuongea?"

Bibi Zamu akakumbuka nyumbani kwao. Baba yao ungemuuliza jambo asubuhi, akakujibu wakati wa chakula cha jioni, na mama yao alikuwa akiwaambia hiyo ndiyo heshima. Imani yake ya foleni hakuipata redioni. Alikwenda nayo redioni kutoka kwenye meza ya saa, akailazimisha kwa watu wote waliopiga simu, akidhani ndiyo adabu ya dunia nzima. Jambo hilo lilimshangaza na kumfurahisha kwa pamoja, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina dirisha nyuma ya kabati.

Alikwenda kwenye mkutano wa pili akiwa na dawa mfukoni, na kama mjuavyo, hakuna mtu hatari kama mwenye dawa mpya.

Ua ulijaa. Waliokuja kwa ajili ya chumba walikuwa wachache kuliko waliokuja kumwona mtu wa redio kwa macho yao. Muuza magodoro alisimama nyuma na tepu yake ya kupimia, mapema kabisa, hata hajaitwa. Bibi Zamu akashika kipaza sauti, akaeleza alichokigundua, sawa ya kusikia na kimya cha kufikiri, na watu wakapiga makofi kwa kuwa kila mmoja alimfahamu mtu wa namna hiyo nyumbani kwake. Kisha akatangaza sheria zake. Washonaji, leo ni marufuku kusema sawa. Mafundi saa, mwenzenu akimaliza kusema, lazima mtoe sauti.

Kaka yake akaanza. Akaeleza vumbi, akaeleza saa zinazosimama. Upande wa washonaji palikuwa kimya kama maji mtungini. Wifi alikuwa amefumba midomo kama mtu mwenye pini mdomoni. Jirani yake alikuwa anajibana mkono ili asiitikie. Kaka mtu akaendelea, akatazama nyuso zile, akaharakisha, akarudia alichokwisha sema, akapotea katikati ya sentensi.

"Mko?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, maana walikuwa wanatii sheria. Mzee wa watu aliketi kabla ya kumaliza. Bibi Zamu aliona uso wake na moyo ukamuuma. Kumbe zile sawa alizozilalamikia zilikuwa zinamsukuma, na hakujua mpaka ziliponyang'anywa.

Ikaja zamu ya wifi. Akasema sentensi moja, na mafundi saa wote wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti kavu, "Tumesikia." Akasema ya pili. "Tumesikia." Ya tatu hakuisema.

"Mnanijibu kama darasa la kwanza!" akafoka. "Bora mngenyamaza!"

"Ndivyo tulivyoambiwa," fundi mmoja akajitetea.

Hapo patashika ikaanza. Washonaji wakafungua midomo yote kwa mpigo, mafundi saa wakafunga yao kabisa, watu wa mtaa wakachagua pande, na Bibi Zamu akawa anasema zamu, zamu, zamu kwenye kipaza sauti ambacho hakuna aliyekijali. Msimamizi akasimama, akakung'uta suruali.

"Basi, nimeona," akasema. "Muuza magodoro, njoo upime."

Bibi Zamu akakishusha kipaza sauti. Alimtazama kaka yake, naye kaka yake alikuwa ameshainuka, anatazama mlango wa chumba chake kwa namna ambayo dada mtu aliielewa vizuri mno.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya wifi. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya shemeji yake, akasimama karibu, mikono kiunoni. "Shemeji, achana na redio, achana na watu. Niangalie mimi. Ukuta wangu unakubali uvunjwe, au hukubali?"

Kaka mtu akamwangalia, na akanyamaza.

Bibi Zamu alivuta pumzi ili azibe ule ukimya, kwa mazoea tu. Wifi akanyoosha kiganja kumzuia bila kumtazama. "Mwache. Anajibu."

"Hajajibu chochote," msimamizi akasema. "Mtu akinyamaza maana yake..."

"Maana yake anafikiri, baba. Hebu kaa."

Msimamizi akakaa. Ua ukatulia. Mshonaji wa overloki alikuwa anauma kidole. Wifi mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize kupiga chafya bila kumwambia jambo, alisimama pale mguu mmoja ukitetemeka, jasho linamtoka puani, na hakusema neno. Bibi Zamu hakuwa amewahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile.

"Hapana," kaka mtu akasema hatimaye. "Sikubali."

"Haya!" Wifi alipiga makofi kwa furaha, kama aliyekubaliwa. "Hapana nimeipata! Mwanzoni ungeniambia hivyo nisingeita mtu wa nyundo. Sasa, hukubali ukuta au hukubali meza?"

"Meza haina kosa. Pamba ya vitambaa..."

"Sawa, pamba," akadakia wa overloki, na sheria ikafia hapo. "Lakini sisi tunabanwa, sawa? Nguo zilizokwisha zinaning'inia mpaka vichwani..."

"Na wateja wa kujaribu!" mwingine akaingia. "Juzi baba wa watu kavua shati karibu na pasi..."

"Kama nguo zile zingetoka," wifi akasema, "nguo na wateja, meza ingeingia hata huku kwetu, tatizo ni kwamba hakuna pa..."

"Si zining'inie chumba cha kati!"

Bibi Zamu aligeuka kutazama ni mshonaji gani aliyesema. Hakuwa mshonaji. Kaka yake alikuwa amemkatiza mtu. Alikuwa amechukua sentensi ya mwenzake ikiwa nusu na kuimalizia, kitendo ambacho kwa baba yao kilikuwa sawasawa na kutia mkono kwenye sahani ya mgeni. Na wifi, mwenye sentensi, hakuona ameibiwa. Uso ulimng'aa.

"Sawa, zining'inie cha kati! Na wateja wajaribie humohumo, na..."

"Nguo iliyokwisha haimwagi pamba."

"Haimwagi, tumeshaipiga brashi..."

"Ukuta ubaki."

"Sawa, ubaki, na wateja wenu wa saa nao wakae humo, si wanatusimamia mlangoni..."

"Ila misumari ya kutundikia isipigwe upande wetu, meza zinatikisika..."

"Sasa tupige wapi, shemeji, hewani?"

"Upande wenu!"

"Upande wetu ukuta mbovu!"

Mafundi saa wengine walikuwa wamesogea, na mmoja alisema sawa, kisha akashtuka kama aliyeteleza. Muuza magodoro akabaki ameshika tepu, haelewi apime au asipime. Msimamizi akainama kwenye sikio la Bibi Zamu akamuuliza, hawa wanapatana au wanagombana? Bibi Zamu naye hakuwa na hakika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha. Akakisogeza kipaza sauti.

"Jamani, mmoja mmoja tafadhali. Kaka, zamu yako sasa, sema..."

Kaka yake, ambaye hakuwahi kumkatiza tangu dada huyo alipokuwa mtoto wa kusema upuuzi kutwa nzima, hakugeuza hata shingo. "Hebu nyamaza kidogo, mdogo wangu," akasema. "Tunaongea."

Ua mzima ukaangua kicheko. Bibi Zamu alihisi uso unamwaka moto, mtu wa redio kunyamazishwa mbele ya wasikilizaji wake, kisha furaha ikampanda. Akakizima kipaza sauti. Pale mbele kaka yake alikuwa ameshika mkono wa wifi, anamwonyesha ukutani kwa kidole, sauti imepanda kuliko alivyowahi kuisikia. Hahami, akajisemea. Mtu anayehama habishanii misumari kiasi kile.